Lenzi Fupi, Chumba Kirefu

Mtu akiniuliza achague lenzi gani ya kupigia picha vyumba vya nyumba inayouzwa, humwambia kwanza aiache kamera nje na kuingia chumbani mikono mitupu. Atembee. Asimame katika kila pembe. Ajibanze ukutani mpaka mgongo uguse, kisha ajiulize: kutoka hapa nauona ukuta wa mbele wote, au nauona nusu? Lenzi huchaguliwa hapo, mgongo ukiwa ukutani, si dukani.

Kisha humweleza habari ya lenzi mbili. Lenzi ndefu hukata kipande cha chumba na kukileta karibu, kikiwa na umbo lake halali. Lenzi fupi hukusanya kila kitu, kuta tatu, sakafu na sehemu ya dari, na katika chumba kidogo wakati mwingine huna njia nyingine. Lakini ina tabia yake. Kilicho karibu nayo huvimba, na kilicho mbali hukimbia. Chumba cha kawaida huwa ukumbi. Kwa hiyo ukiitumia, acha ndani ya picha kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake, kama mlango au kiti, na kikae katikati ya chumba ili jicho la mnunuzi lipate kipimo.

Haya humweleza yeyote, hata mara tatu, hata kama chai yangu inapoa. Katika kazi yangu yote nimemnyima maelezo mtu mmoja tu, na nilimnyima kwa makusudi.

Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, nilikuwa mpiga picha katika studio ya Mhindi mmoja mjini Nyeri. Nilizaliwa Majengo, mtaa wa Waswahili wa mji huo. Baba alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa damu iliyochanganyika kama majirani zetu wengi, na mama alikuwa Mkikuyu wa kilima kimoja nje ya mji. Kwenye karatasi za serikali nilihesabiwa mtu wa baba, kwa hiyo nilipita kwenye vizuizi ambavyo binamu zangu wa upande wa mama walirudishwa kwa viboko. Kazi yetu kubwa miaka ile ilikuwa picha za pasibuku, vile vitabu vya ruhusa ya kutembea. Nilikaa siku nzima kwenye kambi za machifu nikiwapiga picha watu wasiotaka kupigwa, mmoja baada ya mwingine, mbele ya shuka lililotundikwa ukutani.

Siku moja kambi ilikuwa karibu na kilima cha akina mama. Nilipomaliza nikaenda kumwona bibi yangu, mzaa mama, nikiwa na pakiti ya chumvi mfukoni na kamera begani. Nilikuta homgadi, askari wa kienyeji wa serikali, wamejaa uani. Amri ilikuwa imetoka kwamba watu wa kilima wote wahamie kijiji kipya kilichozungushiwa handaki, na nyumba za zamani zichomwe. Aliyekuwa akiwaongoza alikuwa Mzungu mwenye shamba ng'ambo ya mto, aliyepewa cheo katika polisi wa akiba. Alikuwa akipima nyumba ya bibi kwa hatua za buti zake, akihesabu kwa sauti.

"Nne," alisema, kisha akageuka na kupima upande wa pili. "Nne. Hii hapana nyumba. Hii ya kuku."

Homgadi wakacheka, kwa sababu walipaswa kucheka.

Bibi alinishika mkono. "Mwambie kitanda hakitoki mlangoni," aliniambia kwa Kikuyu. "Babu yako alikijengea ndani, miguu yake imechimbiwa chini. Mwambie anipe jembe na muda mdogo tu, nichimbue."

Nikatafsiri. Yule bwana alinitazama kama anavyotazamwa mkalimani, yaani mdomo tu.

"Wewe Mswahili, fanya nini hapa?"

"Napiga picha za pasibuku, bwana."

"Basi piga, halafu kwenda." Akatoa sigara, akaiwasha, akamwonyesha bibi. "Hii sigara kwisha, moto naanza."

Bibi alitoa chungu, mablanketi mawili na kuku mmoja. Mara ya nne aliingia na panga, nikamsikia ndani akigonga ardhi ngumu kwenye mguu wa kitanda, ko, ko, ko. Sigara ikaisha. Ilibidi nimtoe mimi mwenyewe, nikimvuta kiunoni, naye bado ameshika panga. Mama alizaliwa juu ya kitanda kile. Kamera ilikuwa begani mwangu wakati wote na sikuthubutu kuigusa.

Nawaeleza haya ili muelewe nilivyojisikia karibu mwaka mmoja baadaye, mlango wa studio ulipofunguliwa akaingia Mzungu yule yule, safari hii akiwa na suti, kofia mkononi. Hakunitambua. Alitaka kuuza nyumba yake na kwenda kusini kwa ndugu zake. Alimwambia tajiri wangu, yule Mhindi mwenye studio, kwamba wanunuzi wamepatikana, mume na mke Wazungu waliokuwa wametoka Bara Hindi kwa meli na sasa wako Mombasa na mizigo yao. Walitaka kuona picha za vyumba kabla ya kupanda huku juu. Picha zikiwaridhisha, watakuja na vitu vyao kabisa, na mkataba utatiwa saini siku hiyo hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakata tikiti ya meli.

"Kijana wangu atakuja na lenzi zote mbili," tajiri alimwambia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, lakini kwake nilikuwa kijana mpaka alipofariki.

Nikiwa nyuma ya kaunta, nikifuta kioo kilichokuwa safi tayari, nilijua ninachotaka. Nilitaka nyumba ile imfie mikononi. Nilitaka afunge masanduku, halafu ayafungue tena.

Nilifika kwake asubuhi ya ukungu. Mpishi wake, Mluhya mnene mwenye aproni nyeupe, ndiye aliyenifungulia na kunisaidia kubeba ile miguu mitatu ya kamera. Nilitembea vyumba vyote mikono mitupu kama kawaida yangu. Nitakuwa mkweli: ilikuwa nyumba nzuri. Kuta za mawe, mahali pa moto, dirisha la kutazamia mlima ukungu ukiinuka. Lakini ilikuwa ndogo kuliko sauti ya mwenyewe. Chumba cha kulia hasa kilikuwa kifupi. Nilipobanza mgongo ukutani nikaona ukuta wa mbele, dirisha, na nusu ya kila ukuta wa pembeni. Kilikuwa chumba cha kupigwa kwa lenzi ndefu kidogo, kamera ikirudishwa mpaka kwenye mlango wa stoo ya vyakula.

Nikakipiga hivyo kwanza. Meza ya mviringo ilionekana jinsi ilivyo, na viti vinne, na ungeweza kukisia ni nani angekaa wapi.

"Kidogo sana," bwana alisema. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi kutazama kioo cha nyuma, na kamera zile za zamani zilionyesha kila kitu kikiwa kichwa chini. "Na wewe geuza nyumba yangu juu chini!"

"Kioo ndivyo kilivyo, bwana. Kwenye karatasi itasimama."

Mpishi alikohoa kuficha kicheko.

"Mimi taka chumba kubwa. Hapana kuna njia ingine?"

"Iko, bwana."

Nikaitoa ile lenzi fupi sandukuni. Kamera nikaisukuma pembeni kabisa, kiasi kwamba nilifanya kazi nikiwa nimebanwa kati ya kamera na kabati. Bwana mwenyewe alikuwa ameamuru meza isogezwe mbali, karibu na dirisha, ili isizibe sakafu. Hapo ndipo kila siku humwambia mteja: hapana, irudishe katikati, meza ndiyo rula ya chumba hiki. Nilinyamaza. Kiti kimoja kilikuwa karibu na kamera, na mpishi akauliza akiondoe au akiache. Nikamwambia akiondoe. Mlango haukuonekana kwenye picha. Hapakubaki kitu chochote ambacho jicho lingeweza kukishika kama kipimo, ila meza ndogo mbali kabisa, iliyokuwa kama kisahani mwisho wa uwanja wa mpira.

Nikaifunga lenzi mpaka tundu lake dogo kabisa ili kila kitu kitokee vizuri kutoka mbele hadi nyuma, nikafungua kifuniko, nikahesabu taratibu. Mpaka leo sijapiga picha ya ndani iliyonyooka kama ile. Kuta zilisimama wima, na mbao za sakafu zilikimbilia dirishani kama reli.

Studio yetu ilikuwa na desturi moja, aliyoianzisha tajiri kwa sababu wateja wa picha za nyumba walikuwa wakorofi. Kila chumba kilipigwa kwa lenzi zote mbili. Picha ziliwekwa kwenye kaunta pamoja, mteja akachagua, na nyuma ya ile aliyoichagua akatia saini kwa mkono wake. Kazi yangu ilikuwa kusimama pale na kumweleza tofauti kabla hajashika kalamu. Maneno yangu yalikuwa yale yale siku zote: "Hii ya lenzi fupi inapendeza, lakini mnunuzi akija ataona amepunjwa. Peleka zote mbili, au andika vipimo vya chumba nyuma."

Siku yake ilipofika nilipanga picha kwenye kaunta, nikarudi nyuma hatua moja, nikafumba mdomo. Kisasi changu kilikuwa sentensi hizo mbili ambazo sikuzisema. Msije mkadhani ni kitu kidogo. Ukiwa mtu wa kueleza, kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia.

"Hii!" alisema, akiipigapiga ile ya lenzi fupi kwa kidole. "Hii sasa ndiyo nyumba yangu."

Akatia saini nyuma, herufi kubwa zenye mikia.

Alipotoka, tajiri alinitazama juu ya miwani. "Leo wewe hapana maneno? Wewe naongea na kila mtu mpaka mimi nataka kufunga duka."

"Mteja ameridhika, Mzee."

Akaguna. Aliipindua ile picha ya lenzi ndefu iliyobaki, akaitazama kwa muda, akaniambia niihifadhi vizuri pamoja na kioo chake cha negativu.

Majuma kadhaa yakapita. Kisha siku ya soko yule mpishi akaniona nikinunua ndizi, akaweka kikapu chini katikati ya njia.

"We Bwana Picha! Umenifanyia nini? Kuja hapa nikwambie."

"Kumetokea nini, ndugu?"

"Wale wazungu walikuja. Lori mbili! Na meza, ndugu yangu. Ile meza si meza, ni barabara. Ya mbao nyeusi, mama alitoka nayo Bara Hindi, ati watu kumi na sita wanakula. Walikuwa wamepima kwa ile picha yako, wakaona itatosha na mahali ya kucheza densi itabaki."

"Ikatosha?"

"Itosheje? Tuliingiza kwa dirisha, maana mlango ilikataa. Watu wanane. Ilipofika ndani, hakuna mtu anaweza kuvuta kiti. Mimi nilisimama hapa," akajibanza kwenye ukuta wa duka, tumbo ndani, kikapu juu ya kichwa, "hivi, nikiwa na supu! Mama anauliza, 'Wapi ile chumba ingine?' Bwana anamwambia ni hii hii. Mama anatoa picha kwa mkoba, anaangalia picha, anaangalia ukuta. Halafu anasema kitu kwa Kizungu. Sijui alisema nini, lakini bwana yangu alikuwa mwekundu kama nyanya."

"Na mkataba?"

"Mkataba gani? Meza ilitoka kwa dirisha, lori ikageuka, wakaenda Nanyuki kutafuta nyumba ingine. Sasa bwana anafungua masanduku, anafunga, anafungua. Meli yake imeenda. Hata mbwa anaogopa yeye."

Nilimnunulia ndizi zote alizoweza kubeba.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kijiji cha handaki kumweleza bibi. Alikuwa na kijumba huko, kimebanana na vingine, na alilala chini kwenye magunia, kwa sababu alisema hatapanda kitanda kingine. Nilimweleza kila kitu: lenzi, pembe, meza, dirisha. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Akataka nirudie mahali pa supu. Nikarudia. Kisha akachochea moto.

"Kwa hiyo bado yuko pale?" aliuliza.

"Yuko, cucu. Hajapata mnunuzi."

"Mimi nilikuwa nasubiri aende," alisema. "Kila asubuhi tukitolewa kwenda kuchimba, tunapita karibu na mto, naangalia kama kuna moshi kwenye bomba lake. Nilisikia anakwenda, nikafurahi. Sasa umemrudisha."

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Nilikuwa nimewaza uso wake tu, ule wekundu. Nilirudi mjini kwa miguu nikiwa na hasira mpya, safari hii juu yangu mwenyewe.

Yule bwana alikuja studio siku mbili baadaye. Aliitupa ile picha juu ya kaunta.

"Hii uongo! Nyinyi haribu mimi! Mimi peleka nyinyi kwa D.C.!"

Tajiri aliivuta kwake. Aliigeuza picha polepole kwa ncha ya kidole. Saini ilikuwa pale, herufi kubwa zenye mikia. Bwana aliitazama kama mtu aliyekutana na jina lake mahali pasipofaa.

Ndipo nikamweleza. Nilimweleza kwa upole wote niliojaliwa. Nikaziweka picha mbili pamoja, nikamwonyesha jinsi mbao za sakafu zinavyokimbia katika moja na kutulia katika nyingine. Nikamwambia kwa nini meza ingekaa katikati, kwa nini kiti kingebaki, kwa nini vipimo huandikwa nyuma. Sikuruka hatua hata moja. Alipotaka kunikatiza nilisubiri amalize, nikaanza tena pale pale. Nadhani ni maelezo bora kuliko yote niliyowahi kutoa, na kila neno lilikuwa tamu mdomoni, kwa sababu lilikuwa limechelewa.

"Kwa nini wewe hapana sema haya mbele?" aliuliza mwishoni, kwa sauti ndogo.

"Bwana hakuuliza. Bwana alitaka chumba kikubwa."

Tajiri akaingilia haraka na kusema kijana atarudi kupiga tena, kwa lenzi inayofaa. Nikakubali. Safari hii nilitaka nyumba ile iuzwe kuliko mwenyewe alivyotaka.

Nilirudi nikaipiga nyumba ile kwa haki. Lenzi ndefu, kamera kwenye mlango wa stoo, urefu wa kifua, meza katikati, mlango unaonekana. Nilipomaliza nikatoa kalamu.

"Kimebaki kipimo, bwana. Tafadhali nihesabie hatua, niandike."

"Wewe hesabu."

"Hatua za mwenye nyumba ndizo mnunuzi anazoziamini, bwana."

Uongo mtupu, hakuna sheria kama hiyo. Lakini alikuwa mtu aliyechoka. Akaanza kutembea, mpishi akiwa amesimama mlangoni na sinia. Buti zile zile. Moja, mbili, tatu. Alihesabu kwa sauti, kwa sababu kimya kilikuwa kingi.

"Sita," alisema ukutani. Akageuka. "Tano."

"Sita kwa tano," nikarudia, nikiandika taratibu. "Si haba, bwana. Niliwahi kuona nyumba nzima, kule ng'ambo ya mto, nne kwa nne. Ilikuwa na kitanda kisichotoka mlangoni."

Alikuwa ametoa sigara. Aliishika kati ya vidole bila kuiwasha, akanitazama usoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Sijui kama alikumbuka. Nilimpa kalamu na ile karatasi ya kubandikwa nyuma ya picha, akatia saini chini ya vipimo vyake mwenyewe, herufi ndogo safari hii.

Nyumba iliuzwa kabla ya mvua za masika kwa mtu aliyejua anachonunua. Mpishi alibaki na mwenye nyumba mpya. Yule bwana akapanda gari moshi na masanduku yake, na moshi uliotoka kwenye bomba lile baadaye ulikuwa wa mtu mwingine.

Nilichapa nakala moja zaidi ya ile picha ya lenzi fupi, nikampelekea bibi. Aliishika karibu na mlango penye mwanga, akapitisha kidole kwenye sakafu ndefu mpaka kwenye meza ndogo kule mwisho. Alitaka nimwonyeshe mahali mpishi alipobanwa na supu.

Kisha akachutama penye mafiga, chungu kikiwa juu, akaisogeza picha karibu na makaa, akasita kidogo na kunigeukia.

"Kuna kitu unataka kutoa humo ndani?" aliniuliza. "Sema, nitakusubiri. Mimi sivuti sigara."

Nikamwambia hakuna. Akaisukuma chini ya chungu, tukaitazama ikijikunja kuanzia pembeni, mpaka moto ukafika kwenye dirisha la pichani.